Mchango Uliorudishwa

Shangazi yangu ndiye mtu pekee ninayemfahamu hapa Kigali aliyewahi kushinda bahati nasibu ya taifa, na sidhani kama kuna mwingine popote aliyeshinda akalia kwa aibu. Wengine hulia kwa furaha, huita majirani, huagiza kreti ya soda. Yeye alifunga mlango, akavuta pazia, akanipigia simu na kuniambia nije peke yangu, tena nisimwambie mtu yeyote njiani.

Nianze na yeye mwenyewe, la sivyo mtasema nampakazia. Aliishi ujana wake wote Tanzania, upande wa Karagwe, akiwa mkimbizi, na huko ndiko alikonilea mimi baada ya baba kufariki. Ana kisa kimoja cha huko ambacho nimekisikia mara nyingi kuliko hadithi zote za utotoni. Jirani yake alifariki, mwanamke waliyekuwa wakilima pamoja, na shangazi akapeleka debe la maharage na vijisenti vichache kwenye msiba. Kesho yake jioni mzee mmoja wa kamati ya mazishi akaja na lile debe kichwani na vile vijisenti mkononi. Akasema wameshukuru sana, ila wageni hawachangishwi.

"Alisema kwa upole," shangazi huniambia kila anapofika hapo, "ndiyo maana iliuma."

Maharage yale hakuyapika. Aliyapanda, akavuna, akayagawa kwa watu ambao hawakumuuliza ni ya nani.

Sasa mchukue mtu wa namna hiyo umlete Rwanda. Hii ni nchi inayoomba. Kuna umuganda kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, watu wanatoka na majembe kusafisha barabara na kupanda miti. Kuna mituweli, bima ya afya ya wote. Kuna ada ya irondo, wale walinzi wanaozunguka mitaani tukiwa tumelala. Kuna madarasa ya kujenga, kuna wasiojiweza wa kusaidia. Sisi wengine tunalipa huku tukinung'unika, na mimi nanung'unika kisomi, kwa hoja. Shangazi akisikia mkuu wa mudugudu, kiongozi wa mtaa, anapita na kipaza sauti, anajifunga kitenge vizuri na kutoka getini kumlaki. "Wameniomba tena," ananiambia kwenye simu, kwa sauti ya mtu aliyealikwa harusini. Mituweli yake analipa kabla haijadaiwa. Jembe lake la umuganda analiosha kwa sabuni.

Mimi nafanya kazi ya bima huko Kiyovu, yaani nauza bahati mbaya. Ofisi yetu inatazamana na hoteli yenye kasino, ambayo inauza bahati nzuri, na tukiwa wakweli wenzetu wana wateja wenye bidii zaidi. Mchana nikila chakula changu dirishani nawaona waungwana wenye tai wakiingia mle kwa haraka, kama watu waliochelewa kikao. Kutoka, wanatoka polepole. Miaka michache iliyopita ilikuwa kasino moja na vijumba vya kubeti mpira vya kuhesabika. Leo ukienda Nyabugogo au Remera huwezi kununua nyanya bila kupita penye kijana anayetazama skrini na kumlaani golikipa wa Ulaya. Mchungaji wa kanisa la shangazi aliwahubiria vijana hao Jumapili nzima, akalia, nasi tukalia. Halafu ikaja bahati nasibu ya taifa, na kwa kuwa ni ya taifa, hakuna aliyejua kama inahubiriwa au inapigiwa makofi.

Shangazi aliisikia redioni. Kwanza lilitoka tangazo la kukumbusha watu walipe mituweli. Likafuata hili: toa kidogo, jitokeze, sehemu ya pesa itakwenda kwenye michezo na maendeleo ya nchi. Likafuata la umuganda wa Jumamosi. Jamani, mtu angefikiri nini?

Nilijua mambo yameharibika Jumapili moja nikiwa kwake Busanza. Tulikuwa mezani, mimi na yeye, na isombe, kisamvu cha huku, ilikuwa tamu.

"Na wewe," akasema, "ya taifa umeshatoa wiki hii?"

"Ya taifa ipi, shangazi?"

"Ile ya Jumamosi. Ya kwenye simu. Usinifanye mtoto."

Ilinichukua sahani nzima kuelewa. Kila wiki alikuwa anakwenda kwa binti wa kibanda cha pesa za simu upande wa chini wa barabara, anamkabidhi simu, na binti anabonyeza. Hakukosa hata wiki moja. Si hivyo tu, alikuwa amewahimiza kina mama wenzake wa maombi ya Jumatano nao watoe, wakiwemo wale wanaokaa kwenye maghorofa ya waliohamishwa kutoka bondeni, kwa sababu, alisema, watu hao wakionekana hawatoi, watasemwa.

"Na namba unachaguaje?" nikamuuliza.

"Nachagua? Wanauliza namba, nawapa. Namba ya barabara yetu, namba ya geti, zinazobaki nawapa za mwisho za kitambulisho. Serikali ikikuuliza namba inataka kujua wewe ni nani. Kuna mmoja katika kina mama alikuwa anataja namba ovyo ovyo. Nikamwambia, dada, siku wakitafuta nani ametoa na nani hakutoa, watakupata vipi?"

Nilichekea tumboni mpaka isombe ikataka kutokea puani. Kisha nikajaribu, kweli nilijaribu, kumweleza.

"Shangazi, ile ni kamari."

"Kamari ya nani?"

"Ya serikali."

Akaweka kijiko chini. Alinitazama vile ambavyo angenitazama kama ningemwambia mchungaji anafuga majini.

"Serikali iliyonikataza kutembea na mfuko wa plastiki," akasema, "serikali ambayo nikitupa ganda la ndizi barabarani naona haya wiki nzima, ndiyo ije inifundishe kamari? Mwanangu, hiyo shule uliyosoma ilikuwa ya nini?"

Nikanawa mikono, nikaenda zangu Rebero ninakokaa, na njiani nikajiambia kwamba ni pesa ndogo, kwamba shangazi ana furaha, na kwamba wapo wanaopoteza zaidi kwa furaha haba. Nikaendelea kumuuliza kila Jumapili kama ametoa, kwa mzaha, naye akaendelea kuniuliza mimi, bila mzaha.

Ndipo akashinda. Kiasi chenyewe sitakitaja. Si pesa ya kununua gari, ni ya kununua ng'ombe mzuri wa maziwa na kumjengea zizi.

Nilipofika nilimkuta ameketi kitandani, simu ameiweka mbali juu ya meza, ameifunika kwa kitambaa. Macho yalikuwa mekundu.

"Wameurudisha," akasema.

"Wamerudisha nini?"

"Mchango wangu. Wote kwa mpigo, nafikiri na riba juu. Kwanza wakaniandikia hongera. Kwa upole, kama yule mzee." Akaanza kulia tena. "Nimefanya nini? Kitambulisho ninacho. Umuganda sijakosa. Kama kuna mtu amesema mimi ni wa Karagwe, aje aniambie usoni."

Kucheka kuliniisha palepale. Nilikaa kando yake, nikamshika mkono, na moyo uliniuma kweli, kwa sababu nililiona lile debe la maharage likirudi nyumbani juu ya kichwa cha mtu mwenye adabu.

"Shangazi, hawajakurudishia. Umeshinda."

"Nimemshinda nani?"

"Wengine. Wote waliocheza wiki hii."

"Waliotoa?"

"Ndiyo, waliotoa."

"Na wao wamepewa nini?"

"Hawakupewa kitu."

Akaanza kuhesabu kwa vidole. Mtu anayefikiri shangazi yangu ni mjinga hajamwona akihesabu.

"Kwa hiyo," akasema baadaye, "kina mama wangu wa Jumatano, niliowatoa majumbani kwao kwa maneno yangu mwenyewe, walichotoa wao kimekuja kwenye simu yangu."

Katika miaka yangu yote ya bima sijasikia bahati nasibu ikielezwa vizuri zaidi. Nikamwambia ndivyo ilivyo, kwa ufupi.

Kesho yake aliwaita kina mama awarudishie. Hawakutaka. Walipiga vigelegele, wakamwekea mikono kichwani, wakasema Mungu amemkumbuka mjakazi wake. Halafu mmoja baada ya mwingine, wakiaga, wakamnong'oneza sikioni wakiomba zile namba. Jumatano iliyofuata maombi yalianza kwa kuchelewa kwa sababu kina mama walikuwa foleni kwenye kibanda. Wote walitaja barabara ya shangazi na geti la shangazi. Binti wa kibanda alidhani nyumba hiyo imegeuka hosteli.

Basi akaamua kuirudisha pesa ile kule ilikotoka. Alikwenda kwenye ofisi moja, akatumwa nyingine, akasikilizwa kwa heshima kubwa kote. Nchi hii ina huduma ya kila kitu kwenye simu: cheti cha kuzaliwa, leseni, ndoa, kiwanja. Kijana mmoja alihangaika kwenye kompyuta yake akitafuta mahali pa kubonyeza ili mtu arudishe alichoshinda. "Mama," akasema mwishowe, "hiyo hatujawahi kuombwa."

Siku hiyo hiyo, mchana, simu yangu ikalia.

"Niko kwenu," akasema shangazi. "Ng'ambo ya barabara. Wamenipa juisi."

Alikuwa amemwambia dereva wa pikipiki ampeleke kwenye bahati nasibu kubwa kuliko zote mjini, na dereva, ambaye kwa kweli hakukosea sana, akamshusha kwenye kasino. Nilivuka barabara nikikimbia na leso ya chakula bado shingoni. Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha mahameli akiwa amevalia mushanana yake ya kanisani, mkoba magotini, glasi ya juisi ya maembe mkononi. Mlangoni walimuomba kitambulisho, naye alifurahi sana kuombwa. Mbele yake waungwana wenye tai, wale wale wa dirishani kwangu, walikuwa wameinamia mashine zinazowaka taa.

"Hawa wanatoa nini?" akaniuliza kwa sauti ya kanisani.

"Wanatoa tu, shangazi."

"Kwa hiari yao?"

"Kwa hiari yao."

"Mbona wamenuna?"

Bwana mmoja aligeuka. Ni mteja wangu. Nimemkatia bima ya nyumba. Tulisalimiana kwa macho na kukubaliana kwamba hatujaonana.

Nilipogeuka, shangazi alikwisha kwenda dirishani kwa mpokea pesa na kueleza shida yake. Dada yule alimwambia kwa uungwana wote kwamba pale si kwenye bahati nasibu ya taifa, na kwamba hata wao hawapokei pesa ya mtu mpaka acheze. "Akishacheza tunapokea bila tatizo, mama." Shangazi alimshukuru, akamaliza juisi yake, akataka kuilipia, wakakataa. Tukatoka.

"Hata juisi hawapokei," akasema nje, akifunga mkoba wake.

Ilibaki Jumamosi ya umuganda. Nilikwenda Busanza mwenyewe siku hiyo, na jembe la kuazima, kwa sababu niliogopa atakachofanya. Tulilima kando ya barabara hadi jua likapanda, kisha tukakaa kwenye majani kwa mkutano kama kawaida. Mkuu wa mudugudu ni bwana mnene, mpole, aliyejifunza Kiswahili akiendesha lori la mafuta kutoka Dar es Salaam. Alizungumzia usafi, akazungumzia mbwa wasiofungwa, na kama kila mwezi akafika kwenye mfereji. Maji ya mvua yanashuka kutoka barabara ya juu na kuingia kwenye nyumba za chini. Unahitajika mfereji wa mawe. Kila mwezi unatajwa, na kila mwezi sote tunaangalia viatu vyetu mpaka ajenda ipite. Mimi si mkazi wa pale, lakini viatu vyangu niliviangalia pia.

Alipouliza kama kuna mengineyo, shangazi akasimama. Watu walianza kupiga makofi kabla hajafungua kinywa, maana habari ilikwisha kuenea. "Mshindi! Mshindi wetu!" Kuna aliyepiga mluzi. Yeye akangoja wanyamaze. Akasema Kiswahili, kama afanyavyo anapotaka neno lisiyumbe.

"Mimi nilikuwa natoa kila wiki. Nilidhani nchi imeniomba. Sasa naambiwa ulikuwa mchezo. Nataka kiongozi aniambie mbele ya watu. Nchi iliniomba au haikuniomba?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Mkuu wa mudugudu alijikuna kichwa chote, mbele na nyuma. Angeweza kudanganya na ningemshukuru.

"Oya, mukecuru," akasema polepole, akikataa na kumwita bibi kwa heshima ya Kinyarwanda. "Pale nchi haikuomba wewe. Ile iko mchezo tu. Mtu anacheza, mtu anakula, mtu anakosa. Hata mimi iko nacheza, sijakula hata siku moja."

Watu wakacheka. Shangazi hakucheka. Alisimama pale na jembe lake lililooshwa, na nikamwona amekuwa mdogo, mtu wa Karagwe mbele ya kamati. Nilianza kuinuka nikamchukue nimpeleke nyumbani.

Mkuu wa mudugudu naye alikuwa anamwangalia. Sijui aliona nini. Alishaendesha lori kwenye nchi za watu, labda na yeye kuna mahali alirudishiwa kitu.

"Lakini sisi tunaomba," akasema.

"Nani?"

"Sisi, mudugudu. Mfereji. Miezi yote naomba, hakuna anasikia. Sasa naomba wewe."

"Mnaniomba mimi?"

"Yego. Wewe."

"Mbele ya watu hawa wote?"

"Mbele ya wote."

"Na mkishapokea, hamrudishi?"

"Mukecuru," akasema yule bwana, "mfereji tutarudisha namna gani?"

Alitoa yote. Alitoa palepale, kwa simu, akimuita binti wa kibanda aje abonyeze, akisema kwa sauti kwamba pesa hiyo ni ya kina mama wa Jumatano pia na watajwe. Wakatajwa. Wengine wao hawakuonekana kufurahi sana. Shangazi akauliza, "Imefika?" Mkuu wa mudugudu akasoma simu ya mweka hazina, akasema, "Imefika." Akauliza tena, na akajibiwa tena, na ndipo akaketi.

Mkutano ulipovunjika yule bwana akanivuta pembeni. Nilidhani anataka kunishukuru kwa malezi ya familia.

"Ile namba ya mukecuru," akasema, akitazama huku na huku, "iko ngapi?"

Nikamwambia atazame geti.

Mfereji ulijengwa kwa umuganda wa miezi miwili, na mvua za masika zikaja kuukagua. Jumapili moja baada ya mvua kubwa nilimkuta shangazi amekaa kwenye kigoda barabarani, akitazama maji yakishuka kwenye mawe na kupita nyumba zote za chini bila kuingia hata moja. Yanaishia karibu na kibanda cha binti wa simu, ambako kina mama walikuwa foleni. Shangazi hakuwatazama. Yeye hatoi tena kule. Anasema si kwamba ni dhambi, ila hawakumuomba.

Nilisimama kando yake tukatazama maji.

"Na wewe," akasema, "kule kwenu Rebero wamekuomba nini?"

Nikamwambia ninalipa kila kitu, sidaiwi.

"Sikuuliza unadaiwa nini. Nimeuliza wamekuomba nini."

Nilifikiri. Nilifikiri kwa bidii, kama mtu anayetafuta risiti. Watu wananitumia ankara, wananitumia tangazo, wananikumbusha tarehe. Kuna mtu amewahi kusimama mbele ya watu akanitaja mimi, akasema tunakuomba wewe?

"Hakuna," nikasema.

Akanitazama kwa huruma ambayo sikuwa nimeiona tangu siku tulipomzika baba.

"Ni kwa sababu unaangalia viatu," akasema. "Nilikuona."

Kisha akanyoosha mkono kuelekea chini ya mfereji, ambako majani ya migomba yalikuwa yameanza kuziba njia na maji yanajaa.

"Kumeziba pale," akasema. "Nakuomba."

Nikavua viatu.